Mjakazi Yumo Ndani ya Amri ya Nne

Ijumaa moja, miaka kadhaa iliyopita, jua lilipozama tulifungua Sabato, yaani tuliipokea kwa ibada, nyumbani kwangu kama kawaida. Tumeshaimba, mke wangu kasoma Zaburi, watoto wamesema mafungu yao ya kukariri. Kabla hatujaomba, mwanangu wa mwisho akauliza, "Baba, mbona dada haji?" Dada wa kazi alikuwa uani anapepea mkaa. Wanakwaya wageni walikuwa wanalala kwetu na wali ulikuwa haujaiva. Nikajibu kwamba atakuja akimaliza. Alimaliza saa nne usiku, na alfajiri saa kumi na moja nikamsikia tena jikoni.

Mimi ni mzee wa kanisa la Waadventista Wasabato. Amri ya nne, ile ya kuitakasa Sabato, naisema bila kufungua Biblia, na nimeifundisha katika Shule ya Sabato miaka mingi. Usiku ule niliisoma upya katika Kutoka 20 nikakwama mstari wa 10. Anatajwa mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama wa kufugwa, na mgeni aliye ndani ya malango. Hata punda ana nafasi yake katika amri ya Mungu! Kumbukumbu la Torati 5:14 inaongeza sababu yenyewe: mtumwa na mjakazi wapumzike vilevile kama wewe. Mimi nilikuwa nimepumzika. Aliyekuwa chini ya dari yangu hakupumzika, na kazi ile nilimpa mimi.

Tangu hapo, kila ninapopewa mimbari, nasema hili hata kama linachosha watu: tukitaka kujua kama nyumba inaitakasa Sabato, tumtazame aliye wa chini kabisa ndani yake. Tunahimizana sana utakatifu makanisani, ila mara nyingi tunaupima kwa urefu wa sketi, hereni na nani kachelewa ibada. Isaya 58, sura tunayoipenda kwa sababu inaiita Sabato siku ya furaha, inaanza kwa kuwakemea watu wanaofunga na kuomba huku wakiwalemea wafanyakazi wao. Tunarukia mstari wa 13 kana kwamba mistari kumi na miwili ya kwanza iliandikiwa watu wengine.

Sabato inapotea Ijumaa. Jangwani mana iliokotwa maradufu siku ya sita, na watu wakaambiwa waoke na kutokosa siku hiyohiyo. Wazee wetu waliipokea imani hii tangu wamisionari kutoka Ujerumani walipofika Giti, Upareni, mwaka 1903, nao maandalio waliyaweza bila friji wala umeme. Makande hayahitaji mtu ashinde jikoni Jumamosi: yanachemshwa Ijumaa mchana, kesho yanapashwa tu. Nguo zinapigwa pasi mapema, viatu vinapakwa rangi, maji yanajazwa kwenye ndoo, chai inaingia kwenye chupa. Na kazi hiyo ni yetu sote. Baba anayerudi saa kumi na moja na nusu na kukaa kwenye kochi akingoja Sabato ifunguliwe hajajiandaa kwa lolote.

Sisi Waswahili tulipaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Wazee wa pwani wakisema usiku wa Ijumaa, wanamaanisha usiku unaoutangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa siku kwao huanza jua likizama. Ndivyo Walawi 23:32 inavyohesabu, jioni hata jioni. Kwa hiyo yule dada aliyekuwa anapepea mkaa saa mbili usiku alikuwa ndani ya Sabato kabisa, wala hakuwa anamalizia Ijumaa.

Nyumbani tulibadilisha. Vyombo vya Sabato vinalundikwa, na ikishafungwa jioni tunaviosha mimi na wanangu wa kiume. Mwanzoni mke wangu aliona aibu wageni wakikuta karai limejaa. Sasa amezoea, na wageni nao wamezoea.

Kanisani ndiko kugumu zaidi. Nenda kwenye makambi, ile mikutano yetu ya ibada ya siku kadhaa, hesabu akina mama wanaolisikia hubiri kupitia spika wakiwa nyuma ya turubai, wanageuza ugali wa watu mia tatu. Tunawashukuru kwa makofi mwishoni. Kwa nini tusile mikate, ndizi mbivu na maparachichi Sabato moja, nao wakae wasikilize? Mchungaji mgeni hatakufa kwa kukosa pilau.

Tena kuna jambo la nidhamu linaloniumiza. Kijana akikutwa dukani Jumamosi, baraza linaketi na anapewa karipio. Mshiriki mwenye duka, aliyemwacha kijana asiye wa imani yetu auze siku hiyohiyo huku yeye akiimba mbele yetu, anaitwa mbarikiwa. Amri inamgusa huyo mwenye duka waziwazi kabisa. Ningependa baraza lianzie huko, na kwa upole, maana wengi wetu tumo.

Sisemi habari za muuguzi aliye zamu wodini. Yesu alimfungua siku ya Sabato mwanamke aliyepinda mgongo miaka kumi na minane, na aliyekasirika alikuwa mkuu wa sinagogi. Muuguzi huyo akirudi amechoka, apelekewe chakula na aimbiwe wimbo.

Yule dada alishaondoka kwetu, ana nyumba yake na watoto wawili. Kabla hajaondoka nilimwomba radhi kwa ajili ya Ijumaa ile na nyingine nyingi zilizoitangulia. Akaniambia kuchoka alikuwa amekuzoea. Kilichomuuma, alisema, ni kuisikia kwaya ile ikiimba sebuleni wakati sauti ya pili anaijua yote. Alikuwa amekaa kwetu miaka mitatu, na hatukuwahi kujua kama anaimba.