Nusu kipenyo cha beberu

Huku Moshi Desemba ikikaribia akili za watu zinahama zote, mabasi ya kutoka Dar yanashusha ndugu na mizigo, na mtoto wa darasa la sita ukimwambia habari za mzingo wa duara anakuangalia tu kwa huruma. Sasa mimi nafundisha hesabu, mitihani imeisha, shule inakaribia kufungwa, watoto hawashikiki, nikasema ngoja niwape mradi.

Nilikuwa nimeona mtandaoni walimu wa Marekani wanawajengesha watoto vijumba vya Krismasi kwa biskuti za tangawizi, wanapima pembe, wanachora, wanajaribu kama ukuta unasimama. Safi sana, ila biskuti kwa darasa langu mimi hazifiki ukutani bana, zinaishia njiani. Nikageuza. Tutajenga pango la Noeli, kila kundi lake. Sakafu mstatili wa sentimita 40 kwa 30, uso wa mbele juu uwe pembetatu yenye pande mbili sawa, na paa libebe kilo moja ya sukari bila kuanguka. Na hamna kukurupuka, kwanza mnauliza, mnawaza, mnachora na vipimo, ndo mnajenga, mnajaribu, likianguka mnarekebisha.

Na yalianguka jamani. Kundi moja la wavulana wenye makelele walifunga vijiti vya mianzi wakapata fremu nzuri ya mraba, wakaweka sukari, mraba ukaanza kulala pembeni taratiiibu, zile pembe za digrii 90 mbili zinabanwa mbili zinafumbuka, halafu pwaa. Wakaongeza uzi kwenye kona. Pwaa tena. Kabinti kamoja kalikokuwa kanatafuna kalamu kwenye kundi la jirani kakasema bila hata kugeuka, "si muweke kijiti cha kutoka kona hii mpaka ile." Wakaweka, mraba ukawa pembetatu mbili, sukari ikakaa. Maana pembetatu ukishaifunga haina pa kulalia, ikisogea lazima kijiti kimoja kivunjike au kiachie. Siku hiyo nilitembea mikono nyuma, profesa mtupu.

Vifaa sasa. Kuta za maboksi, nyota za manila, gundi tumepika wenyewe kwa unga wa ngano, paa limeezekwa majani ya mgomba. Soma tena hiyo orodha ukiwa na pembe na ndevu.

Siku ya kufunga shule mapango tukayapanga nje kwenye kivuli cha mparachichi, wazazi wakija waone. Narudi na kadi za majina nakuta beberu kafungwa kwenye shina la huo huo mparachichi, kanona, ndo ndafu yetu ya walimu jioni, mbuzi mzima wa kuchoma.

"Mkuu, huyu mbuzi tumhamishe."

"Ahamie wapi? Pale mlinzi anamwona toka getini. Wewe si ndo ticha wa hesabu? Piga hesabu."

Haya. Nikawaita watoto, tukapima kamba kutoka kwenye shina mpaka shingoni, na kichwa nikakihesabu, nikaongeza nusu mita ya shingo na ulimi, jumla mita 3. Nikawaambia mnaona huyu, huyu ni bikari, shina ndo kitovu na kamba mpaka ulimi ndo nusu kipenyo. Pai, yaani 22 gawa kwa 7, mara 3 mara 3, eneo lake ni mita za mraba 28 na kidogo. Nikachora duara zima kwa majivu, mapango yote tukayaweka nje ya hapo. Beberu akajaribu, akavutwa, akabaki anatoa macho. Watoto wakapiga makofi na mimi nikaenda zangu ofisini kuandika ripoti.

Mayowe niliyoyasikia baadaye hayakuwa ya kawaida.

Natoka mbio nakuta beberu yuko katikati ya Bethlehemu. Nyota ya manila ya ncha tano, kila ncha digrii 36 tulizopima kwa protrakta mchana kutwa, ncha nne zimeshapita, ya tano inaning'inia kwenye ndevu. Mapaa hamna. Kuta analamba gundi kwanza ndo anang'oa boksi, tena hana haraka. Mlinzi yuko pembeni ameshika kofia.

"Ticha, alikuwa anajinyonga huyu. Nikamtoa kamba shingoni nikamfunga mguu wa nyuma, apumue."

Yaani mwili mzima wa mbuzi sasa umekuwa nyongeza ya kamba! Kale kabinti ka kalamu kakaenda na rula kumpima, kutoka kwato ya nyuma mpaka shingoni pale kamba ilipokuwa, mita moja. Nusu kipenyo sio 3 tena ni 4, kakaandika chini kwa kijiti, mita za mraba 50 na kidogo, toa 28 na kidogo, zinabaki 22 kamili. Mlinzi kaongeza mita moja, beberu kapata uwanja wa 22. Mpaka leo nasema hesabu yangu ilikuwa sahihi, swali ndo lilibadilishwa katikati ya mtihani.

Wazazi nao ndo wanaingia getini. Nikajua nimeumbuka, kumbe wale wavulana washachukua mafremu yaliyobaki uchi wakaanza kuyawekea sukari mbele ya watu, yenye kijiti cha mshazari yanabeba, yasiyo nacho pwaa, wazazi wanashangilia, bibi mmoja anauliza na mbuzi naye alikuwa sehemu ya somo? Mkuu akadakia, "Ndiyo mama, hii ni elimu ya vitendo." Alivyo na uso mkavu yule mtu.

Jioni ndafu ikaletwa, watu wanagombea mbavu na shingo, mkataji akanigeukia, ticha wewe nikukatie wapi?

Nikamwambia mguu wa nyuma wa kulia, ule wenye alama ya kamba.