Rejeo la entiti ndani ya mti wa XML: likunjuliwe au libaki?

Chukua waraka mdogo wa XML, lugha ya kuandika nyaraka kwa tagi. Juu kuna tamko `<!ENTITY toleo "4.2">`, chini kuna aya `<p>Toleo &toleo; limetoka.</p>`. Tamko hilo linaunda entiti, yaani jina linalosimama badala ya matini fulani; `&toleo;` ni rejeo lake, na kulikunjua ni kuweka "4.2" mahali pake. Kwa aliyeiandika, aya hiyo ina vipande vitatu: maneno, rejeo, maneno. Kwa atakayeisoma ni sentensi moja tu, "Toleo 4.2 limetoka." Kichanganuzi, yaani programu inayousoma waraka, kinapougeuza waraka huu kuwa mti wa nodi (vipande vilivyopangwa kama matawi), hakina budi kuamua kinamjengea nani. Tangu XML 1.0 ilipotolewa Februari 1998, watunga programu wamelijibu swali hili kwa namna zinazopingana.

Tuyaondoe kwanza yasiyo na mgogoro. Marejeo ya herufi kama `&#233;`, pamoja na zile entiti tano ambazo XML inazijua bila kutangaziwa (`lt`, `gt`, `amp`, `apos`, `quot`), hugeuzwa kuwa herufi zenyewe, hata katika DOM, kiwango kinachoziwezesha programu kuushika waraka kama mti wa nodi. Ni kweli kwamba baadaye hutajua kama mwandishi alipiga `é` au namba yake, ila hilo sioni kama lina wa kuligombania. Ubishi uko kwenye entiti ambazo mwandishi amezitangaza mwenyewe.

Wanaotaka rejeo likunjuliwe papo hapo hawatetei urahisi tu. Zana nyingi za kuuliza mti hudhani kwamba kazi hiyo imekwisha kufanyika. XPath 1.0 ya mwaka 1999, lugha ya kuchagua nodi kwenye mti, ina aina saba za nodi, na rejeo la entiti halimo. Kwake yeye aya yetu ina nodi moja ya matini, basi. XSLT, lugha ya kugeuza waraka kuwa mwingine, nayo imesimama juu ya msingi huohuo. Rejeo likibaki, msimbo unaochukua mwana wa kwanza wa `<p>` ukidhani umepata matini yote utaondoka na "Toleo" peke yake, wala hakuna kosa litakalotangazwa. Utakuja kushtuka ukiona ripoti iliyokwisha kuchapwa ina pengo katikati ya sentensi.

Upande wa pili unapata nguvu pale waraka unaporudi kwa mwenyewe. Mwandishi alitangaza `toleo` ili siku namba ikibadilika aibadilishe mahali pamoja. Programu ya kuhariri ikifungua faili, ikasahihisha nukta moja, kisha ikahifadhi "4.2" kila mahali palipokuwa na rejeo, imeharibu kazi yake bila kugusa hata neno moja linaloonekana. Wala si kweli kwamba rejeo ni jambo la faili tu, lisilo na nafasi kwenye mti. Kanuni za XML zinataka elementi inayoanza ndani ya entiti imalizikie humohumo. Huwezi kufungua tagi ndani na kuifungia nje. Kwa hiyo kinachotoka kwenye rejeo daima ni kipande kizima, na kipande kizima kinaweza kukaa chini ya nodi. Hapo waliobuni XML walifikiri vizuri.

Usalama nao hutajwa sana. Katika shambulio la "vicheko bilioni", entiti moja ina neno "lol", ya pili inaitaja ya kwanza mara kumi, ya tatu inaitaja ya pili mara kumi, na kuendelea. Waraka usiofika kilobaiti moja hufumuka ukawa "lol" bilioni moja, takribani gigabaiti 3. Mti unaoyaacha marejeo yalivyo hauguswi. Hata hivyo naiona hoja hii kuwa nusu ya hoja: hatari imeahirishwa tu, inamsubiri atakayekunjua baadaye. Dawa yake ni kuweka kikomo cha ukubwa na kukataa entiti za nje (zinazovuta maudhui kutoka nje ya waraka), na dawa hiyo haijali mti ni wa aina gani.

DOM ya Oktoba 1998 ilitaka kuwaridhisha wote. Ilitoa nodi iitwayo `EntityReference`, aina namba 5, na chini yake ikaweka nakala ya kilichomo kwenye entiti, ya kusomwa tu. Kwenye karatasi inavutia: anayetaka rejeo analiona, anayetaka maudhui anashuka ngazi moja. Kwenye kazi ni karaha. Ukitaka kusahihisha neno lililomo humo unakataliwa. Inabidi unakili wana wote, uwaweke mahali pa rejeo, ndipo uhariri. Amri ya kuunganisha matini jirani, `normalize()`, haiunganishi matini ya pande mbili za rejeo. Level 2 ya DOM, ya mwaka 2000, ikaipa amri ya kutembelea mti, `createTreeWalker` kigezo cha nne, cha kusema kama marejeo yaingiwe au yarukwe. Level 3 ya 2004 ikaleta `wholeText`, inayopita ndani ya marejeo kuokota matini jirani. Viraka vikizidi namna hii, mimi hukitilia shaka kitambaa.

Mwiba mkubwa zaidi ni nafasi za majina, utaratibu wa kukifunga kiambishi cha jina na anwani inayolitambulisha. Entiti ikiwa na `<x:jina/>`, kiambishi `x` kinaweza kumaanisha anwani moja pale rejeo la kwanza lilipo na anwani nyingine pale lilipo la pili. Sasa nodi ya entiti iliyo kwenye orodha ya matamko, ambayo ndiyo chanzo cha nakala hizo, ibebe anwani ipi?

Maktaba ya libxml2, ya kuchanganua XML, ilishika njia ya mkato: mwana wa nodi ya rejeo ni tamko lenyewe la entiti. Anayeshuka mti bila kuangalia aina ya nodi hujikuta ametoka nje ya mti, yumo ndani ya DTD, sehemu ya matamko. Na chaguo la kukunjua linaitwa `XML_PARSE_NOENT`, jina linalosomeka kana kwamba linazuia entiti. Ni rahisi mtu kuliwasha kwa ajili ya usalama, kumbe ndilo linaloamuru zikunjuliwe.

Viwango vipya vya DOM vimeifuta nodi hiyo. Namba 5 imebaki kama kumbukumbu. Kwa vivinjari ni sawa, maana havimrudishii mwandishi waraka wake. Kwa wahariri si sawa. Mimi nasema hivi: mti wa kuulizwa, kunjua kila kitu, mti wa kuhaririwa, liache rejeo kama jani, jina tu bila wana, kama lxml, maktaba ya XML ya lugha ya Python, inavyofanya ukizima `resolve_entities`. Jani halina nakala ya kulinda wala kiambishi cha kubahatisha.

Jani lina udhaifu wake. Kitabu kilichogawanywa kwa `&sura1;` na `&sura2;` kitaonekana hakina kichwa cha habari hata kimoja. Kwa vipande vikubwa hivyo ningetumia XInclude, njia nyingine ya kuingiza faili ndani ya faili, kwa kuwa `xi:include` ni elementi ya kawaida ambayo kila programu inaiona. Kwenye atributi, kama `<kitabu toleo="&toleo;"/>`, mambo ni magumu zaidi. DOM iliruhusu rejeo kukaa chini ya nodi ya atributi, lakini programu nyingi huomba thamani kama mfuatano wa herufi tu, na jani linakosa pa kuota. Hapo nimesalimu amri: nakunjua, na namwonya mwandishi kabla hajahifadhi.