Vakansi Goma: kazi za nyumbani zihesabiwe kwa bidoni

Kila Julai shule zinapofungwa, ubishi unarudi katika parsele (viwanja vya nyumba) za Goma, mashariki mwa Kongo: watoto wapangiwe kazi wiki nzima, au waachwe wapumzike? Pande zote mbili zina hoja nzito. Lakini zinabishana juu ya saa za mtoto, wakati kinachoila wiki ya vakansi katika mji huu ni maji.

Julai na Agosti ni kiangazi. Matangi ya mvua yamekauka, na mvua za kutegemewa hazirudi kabla ya Septemba. Familia ya watu 7, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, inahitaji lita 140, yaani bidoni 7 za lita 20. Siku ya kufula, ongeza nyingine 7. Wiki yenye siku mbili za kufula inamaliza bidoni 63. Masomo yakiendelea, mama huchota alfajiri na mwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, hulipwa kuleta zilizobaki. Vakansi zikifika, mzigo wote unahamia kwa watoto, na hakuna anayekaa kuuhesabu.

Wanaotetea kazi wana ushahidi. Mama anayeuza sokoni tangu asubuhi hawezi kuendesha nyumba peke yake, na mtoto asiye na shughuli huishia kando ya ziwa bila mtu mzima au katikati ya pikipiki. Tena kuna ujuzi ambao darasa halifundishi. Chukua maharagi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo sababu maharagi huchelewa kuiva hapa kuliko pwani. Mtoto wa miaka 12 anaweza kujifunza kuloweka kilo 1 katika lita 3 za maji tangu jioni, kumwaga maji hayo asubuhi, kisha kuinjika kwa maji mapya. Nyanya zinangoja mpaka punje iminyike kati ya vidole viwili, kwa kuwa uchachu wake huzuia ganda kulainika. Anayetia nyanya mwanzoni huunguza makala (mkaa) nusu siku, halafu analaumu maharagi.

Wanaotetea mapumziko nao wanaona jambo ambalo wa kwanza hulipita. Mtoto ametoka kwenye miezi kumi ya masomo, mara nyingi katika darasa lililofurika tangu ada za shule za msingi za serikali zifutwe mwaka 2019. Anahitaji usingizi na mchezo, na mchezo si anasa. Halafu kuna uzito. Bidoni iliyojaa ina zaidi ya kilo 20, na mtoto wa miaka 10 mara nyingi hafiki hata kilo 30. Kumtwisha mzigo huo si kumfundisha kazi. Ni kumkabidhi kazi ya mtu mzima.

Sisi tuko upande wa kazi, kwa sharti kwamba zipimwe. Mtoto wa miaka 10 abebe kidumu cha lita 5, si zaidi. Hapo hesabu inakuwa ngumu: lita 140 ni safari 28 za kidumu. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata, vinataka maji yawe ndani ya mita 500 na foleni isipite dakika 30. Hata robine (bomba la maji) ikitimiza hayo yote, kwenda, kungoja na kurudi ni karibu dakika 45. Watoto watatu wenye vidumu hawawezi kuimaliza kazi hiyo na bado wakaitwa watoto walio likizo. Kwa hiyo chukudu isiondolewe kwenye bajeti ya vakansi. Ibebe maji ya kufulia na ya kupikia kwa safari moja, watoto wajazie pengo tu. Hizo ni franga ambazo nyumba nyingi hazina, tunajua. Basi kinachopunguzwa kiwe ni kufula, si usingizi wa mtoto.

Kufula kunapunguzika kweli. Kosa la kawaida ni kurundika kila kitu Jumamosi, siku ambayo kila parsele inafula na foleni ya robine ni ndefu. Mablanketi yafuliwe Jumatatu asubuhi, watu wawili wakiyakamua kwa kuyasokota, mmoja kila upande, ili yakauke kabla ya jioni. Yasianikwe upande wa barabara, maana vumbi jeusi la volkano hunata kwenye kitambaa kibichi. Maji ya kusuuzia nguo nyeupe yafulie suruali za kazi, na yakishachafuka yaende kwenye choo au yanyunyizwe uani kabla ya kufagia. Mpangilio huo huokoa kama bidoni 2 kwa siku ya kufula, bila gharama yoyote.

Maji ya kunywa ndiyo kazi ambayo tungemkabidhi mtoto mkubwa kwa heshima kabisa, kwa sababu kipindupindu hakijauacha ukingo wa Ziwa Kivu. Bidoni ioshwe ndani kwa changarawe kidogo, sabuni na maji, itikiswe mpaka utelezi utoke, kwani utelezi huo hula klorini kabla haijafanya kazi. Maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa safi. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 hutosha lita 20, kisha kungoja dakika 30 kwa saa, si kwa kukisia. Kosa linalorudi kila kiangazi ni kiu: mtu anachota kikombe dakika ya tano.

Makala yabaki nje. Julai usiku ni baridi, na jiko linaloingizwa chumbani kwa ajili ya joto hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.

Kozi za kulipia za Agosti zinamfaa anayeingia mwaka wa mwisho wa msingi au aliyerudishwa darasa. Kwa wengine dakika 40 nyumbani zinatosha: 20 za kusomea wadogo kwa sauti, 20 za hesabu. Ugumu uko kwenye saa. Foleni ya robine ni fupi alfajiri, na kichwa cha mtoto nacho ni chepesi alfajiri. Akichota kwanza, anasinzia juu ya daftari. Wapokezane: leo mmoja kwenye robine na mwingine kwenye kitabu, kesho wabadilishane.

Ila kupokezana huko huvunjika nyumba nyingi kwa sababu moja. Majina yaliyo kwenye ratiba ni mengi, lakini anayefanya ni binti mkubwa: anachota, anapika bugali, anaosha vyombo, anambeba kitinda mimba, na kaka yake wa miaka 14 anacheza mpira. Hapa wanaotetea mapumziko wana haki kamili, na jibu letu ni kuandika ratiba kuanzia kwake, kwa kumwondolea. Maharagi yaliyolowekwa jana yainjikwe asubuhi, yaive kabla ya saa sita. Vyombo vya mchana na bidoni ya jioni ni vya kaka. Kuanzia saa nane hadi saa kumi mtoto mdogo ashikwe na mwingine, na binti asiitwe, hata kwa kutumwa chumvi butiki.