Vitufe vya kuziba mshipa: vikae au viyeyuke?

Jamaa yangu wa Ahero alifika mahali pa kubadilisha pedi kila saa. Alipopimwa akakutwa na faibroidi, uvimbe unaoota kwenye kizazi, na neno la kwanza aliloambiwa ni kutolewa kizazi. Ana miaka 34, hajapata mtoto.

Ipo njia ya kuunyima uvimbe damu, iliyoelezwa na Jacques Ravina na wenzake wa Paris mwaka 1995. Katheta, yaani mrija mwembamba, hupitishwa nyongani au kwenye kifundo cha mkono hadi ateri ya kizazi, mshipa unaokipelekea damu. Daktari, macho yakiwa kwenye picha ya eksirei, huachilia vitufe vya nusu milimita hadi karibu milimita moja, vidogo kuliko punje ya wimbi. Vilivyozoeleka vikiingia havitoki tena. Sasa watafiti wanatengeneza vya PLGA, polima ya jamii moja na nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe.

Wanaovitetea wana hoja nzito. Faibroidi ikikosa damu hufa, huku nyama ya kizazi ikiokolewa na mishipa ya pembeni. Kazi ikiisha, kitufe kibaki mle cha nini? Kikipotea njia kikaingia mshipa wa ovari, heri kile kitakachoyeyuka. Maji ya mwilini huivunja PLGA ikawa asidi ya laktiki na ya glikoliki, na uwiano wa hizo mbili ndio unaoamua idumu wiki au miezi.

Asidi hizo, hata hivyo, zaweza kuwasha mshipa wenyewe. Tena mshipa ukifunguka mapema, sehemu ya uvimbe hunusurika ikaanza kukua upya. Hujibiwa kwamba matibabu yatarudiwa, kwa kuwa njia iko wazi. Hapo siafiki. Kwa wengi wetu huku, kurudia ni basi la usiku hadi Nairobi, pa kulala, na siku kadhaa bila kufungua kibanda. Polima yenyewe huharibiwa na joto na unyevu, na Kisumu tuna vyote viwili. Stoo isiyo na friji ya uhakika itaichakaza kabla ya kumfikia mgonjwa.

Kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua sina ubishi: azibiwe kwa muda tu. Sponji ya jelatini, inayoyeyuka kwa wiki chache, imefanya kazi hiyo miaka mingi. Daktari huikata kwa mkasi, kisha husukuma vipande huku na huku kati ya bomba mbili za sindano hadi vilainike. Havilingani ukubwa, na hapo vitufe vinavyoyeyuka vingesaidia kweli.

Faibroidi ni kesi nyingine. Kwa anayetaka kuzaa, madaktari wengi bado hutanguliza upasuaji wa kuondoa uvimbe peke yake na kuacha kizazi, na jamaa yangu alistahili kuambiwa hivyo siku ile ya kwanza. Anayekuja na kitufe kipya asinionyeshe tu jinsi kilivyoyeyuka ndani ya kondoo wa majaribio. Anionyeshe wanawake ambao mwaka wa pili baada ya matibabu hawakuhitaji kurudi.