Kijana mhamiaji na kiti cha kuchaguliwa Marekani: atumike kwanza, au agombee?

Nadia Mohamed alifika Marekani akiwa na umri wa miaka 10, mtoto wa familia ya wakimbizi wa Kisomali waliopitia Kenya. Mwaka 2019, akiwa na miaka 23, alichaguliwa diwani wa St. Louis Park, mji ulio kando ya Minneapolis katika jimbo la Minnesota, na mwaka 2023 wapiga kura wa mji huo, ambao wengi wao ni Wazungu, wakampa umeya. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991 na kufika New York akiwa na miaka 7, alipata uraia mwaka 2018, akashinda kiti katika bunge la jimbo mwaka 2020, na Novemba 2025 akachaguliwa meya wa jiji lenye watu zaidi ya milioni 8. Habari kama hizi husimuliwa kwa furaha, na ni haki kufurahi. Hata hivyo, nyuma yake lipo swali lenye majibu mawili yasiyopatana: je, kijana mhamiaji aliyejijengea imani kwa kuwahudumia watu afanye haraka kugombea, au abaki katika utumishi mpaka akomae?

Wanaoshauri subira wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Kijana anayemfasiria mzee mbele ya daktari, anayewajazia majirani fomu za uraia na kuwasomesha watoto wao jioni, anafanya kazi ambayo mara nyingi haina mtu wa pili wa kuishika. Akichaguliwa, jamii hupata sauti barazani na kupoteza mkono uliokuwa karibu nayo. Kisha kuna suala la riziki, ambalo wasifu wa washindi huliruka. Katika jimbo la New Hampshire mbunge hulipwa dola 100 kwa mwaka, na udiwani katika miji mingi midogo ni kazi ya saa za ziada yenye posho ndogo. Mtu mwenye akiba au mwenzi mwenye mshahara anaweza kuubeba mzigo huo. Kijana anayelipa kodi ya nyumba huku wazazi na wadogo zake wakimtegemea, ni vigumu. Hapo inafaa kukumbuka kwamba Mamdani ni mtoto wa profesa na mtayarishaji wa filamu mwenye jina. Hilo halimpunguzii sifa, ila linatuonya tusiuchukue mwendo wake kuwa kipimo cha kila mhamiaji.

Upande wa pili hujibu kwamba subira imekwisha kuwekwa na sheria. Kwa kawaida mhamiaji hukaa miaka 5 akiwa mkazi wa kudumu kabla ya kuomba uraia. Katiba inamtaka awe raia kwa miaka 7, na umri usiopungua miaka 25, ili aingie Baraza la Wawakilishi, na miaka 9 ya uraia kwa Seneti, ilhali urais umefungwa kabisa kwa asiyekuwa raia wa kuzaliwa. Ilhan Omar, aliyeikimbia Somalia akiwa mtoto na kuishi miaka 4 katika kambi ya wakimbizi Kenya, alifika Marekani mwaka 1995, akawa raia mwaka 2000, na alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2018. Anayeiita miaka 23 hiyo haraka ameanza kuhesabu siku ile jina lilipotokea kwenye karatasi ya kura.

Hoja yao ya pili ndiyo inayonivuta zaidi. Kabla ya kuingia siasa, Mamdani alikuwa mshauri wa wenye nyumba wa kipato cha chini waliokuwa hatarini kunyang'anywa nyumba kwa madeni. Kazi hiyo huokoa familia moja, kisha nyingine, lakini kanuni za mikopo zinazowaleta watu mlangoni pa mshauri hutungwa mahali asipofika. Mtu akiuona ukuta huo kila wiki, kumwambia aendelee kuhudumia tu ni kumwambia ateke maji kwa pakacha. Tena kuchaguliwa si lazima kuwe mwisho wa utumishi: mwaka 2021, akiwa tayari mbunge wa jimbo, alishiriki mgomo wa kula wa siku 15 pamoja na madereva wa teksi waliolemewa na madeni ya leseni zao.

Lakini utumishi huo ni kwa nani? Mtu aliyewahudumia wa kabila au dini yake peke yao huanza na kura za uhakika, na katika kata wanamokaa kwa wingi kura hizo zaweza kutosha. Mjini St. Louis Park zisingetosha. Huko mgombea hulazimika kujulikana kwa shule, maji, barabara na kodi ya nyumba, mambo yanayomgusa na jirani asiyejua Somalia iko wapi. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kipimo kilicho bora kuliko umri na kuliko idadi ya miaka ya kujitolea: je, wako watu wasio wa asili yake wanaoweza kueleza alichowafanyia?

Ninachokataa ni utumishi kugeuzwa ushuru wa kuingilia. Mzaliwa wa Marekani hugombea udiwani bila kuulizwa amejitolea wapi. Mhamiaji hutakiwa kuthibitisha shukrani yake kwanza, na uthibitisho huo haukubaliki hata akiutoa. Julai 2019 Rais Donald Trump aliwataka wabunge wanne wanawake warudi walikotoka, ingawa Omar peke yake ndiye aliyezaliwa nje ya nchi. Mwaka 2025 wakatokea wanasiasa waliotaka Mamdani avuliwe uraia. Hakuna saa za kujitolea zinazoweza kumkinga mtu na shutuma za aina hiyo, na mshauri anayemwambia kijana kwamba zitamkinga anampa ahadi ya uongo. Atumike kwa kuwa kazi ipo na kwa kuwa humo atajifunza jinsi fedha za umma zinavyogawanywa.

Mafunzo hayo, kwa bahati, hayahitaji kusubiri kura. Mwaka 2020 wapiga kura wa San Francisco waliondoa sharti la uraia kwa wajumbe wa bodi na kamati za jiji, na hivyo mhamiaji ambaye bado si raia anaweza kuketi mezani mambo ya jiji yanapojadiliwa. New York ilijaribu kwenda mbali zaidi kwa kuwaruhusu wakazi wasio raia kupiga kura katika chaguzi za jiji, ila mahakama ya juu ya jimbo iliifuta sheria hiyo Machi 2025. Njia ya bodi ni nyembamba na haina makofi, na pengine ndiyo maana vijana wengi huipita bila kuitazama, wakati ndiyo inayomwezesha mtu kufika kwenye udiwani akiwa tayari ameshasoma bajeti ya jiji ukurasa kwa ukurasa.