Mkunga akimpigia daktari simu, asikilizwe

Ndugu zangu wa Igoma na Buhongwa, kule Mwanza, hushangaa nikiwaambia kwamba mimba yangu ya kwanza hapa Rotterdam, Uholanzi, ililelewa na wakunga watupu, tangu hudhurio la kwanza mpaka mtoto analia. Daktari sikumwona. Shangazi yangu aliuliza kama ni kwa sababu sisi ni wageni, pengine madaktari wamewekewa wenyeji. Nilimwambia hapana, shangazi, hata wenyeji wenyewe huzaa hivyo. Mama ambaye mimba yake haina shida huanzia kwa mkunga. Mkunga huyo amesoma miaka minne, ana ofisi yake mtaani pamoja na wakunga wenzake, na mama akipenda anamzalisha nyumbani kwake. Daktari bingwa wa uzazi yuko hospitali, na anaingia pale penye sababu ya kuingia.

Ninaandika haya kwa sababu kwetu Mwanza tumejengeana imani kwamba mwenye uwezo huzalishwa na daktari, na asiye nacho huzalishwa na nesi. Nimewasikia wanawake wenzangu wakitaja jina la daktari bingwa aliyewazalisha kama wanavyotaja mtaa wenye hadhi. Mkunga aliyekaa nao usiku kucha, akawapima njia, akawasugua mgongo, jina lake hawalijui. Mimi naona imani hiyo inatuumiza kuliko uhaba wa mashine, maana inamfundisha daktari kijana kumdharau mkunga, na inamfundisha mkunga kunyamaza.

Mimba ya pili haikwenda kama ya kwanza. Wiki za mwisho presha ilipanda. Mkunga alipima, akaniacha nipumzike, akapima tena, akapima na mkojo, kisha akapiga simu hospitali nikiwa nimekaa mbele yake. Hakuomba radhi kwa kusumbua. Alieleza presha ilikuwa ngapi mwanzo na ni ngapi sasa, mkojo umeonyesha nini, mimi nasikia nini, na akamaliza kwa kusema nataka huyu mama aonwe leo. Daktari akauliza kidogo, akasema aje. Nilipofika walikuwa wananisubiri, hakuna aliyeanza kuniuliza upya mimi ni nani. Nilianzishiwa uchungu chini ya daktari, nikajifungua salama, na baada ya hapo hospitali ikanirudisha kwa mkunga wangu. Alipokuja nyumbani alijua kila kilichotokea, kwa sababu walikuwa wamemwandikia.

Kinachonigusa ni kwamba Waholanzi hawakuanza wakiwa wanaelewana hivyo. Miaka ya 2000 ripoti za kulinganisha nchi za Ulaya zilionyesha kuwa vifo vya watoto wachanga na wanaofia tumboni kwao vilikuwa vingi kuliko kwa majirani zao wengi. Mjadala ulikuwa mkali. Wapo waliosema wakunga wanachelewa kutoa rufaa, na wapo waliosema hospitali haziwasikilizi wakunga. Mwishowe wakakaa mezani. Kila eneo wakunga na madaktari wake wana umoja wa kupanga kazi pamoja, na 2016 nchi ikapata mwongozo mmoja wa huduma ya uzazi inayowaunganisha wote. Orodha ya hali zinazomtoa mama kwa mkunga kumpeleka kwa daktari ilikuwepo tangu zamani, nayo inaandikwa kwa makubaliano ya pande zote mbili. Bado wanabishana, hasa kuhusu fedha na nani awe na neno la mwisho. Lakini mjamzito hahitaji kuwa na mjomba hospitali ili mkunga wake asikilizwe.

Sasa nyumbani. Mdogo wangu ni muuguzi mkunga kwenye zahanati upande wa Sengerema. Nilipomsimulia habari ya ile simu alikaa kimya, kisha akasema: "Dada, kifafa cha mimba sisi tunakitambua mapema tu. Kazi ni kumpata mtu atakayeamini nilichokiona. Kuna siku nimepiga simu, nikaulizwa, wewe nesi umejuaje?" Mkunga anayeulizwa hivyo mara moja, mara ya pili atasubiri kwanza awe na uhakika. Na presha ya mjamzito haisubiri, wala damu haisubiri.

Sitaki mtu anielewe kwamba kwetu hakuna kilichofanyika, maana kimefanyika kikubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha vifo vya wajawazito 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukaonyesha 104. Vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji, na mama hahitaji tena kufikishwa hospitali kubwa za Mwanza mjini, Sekou-Toure au Bugando, kwa kila upasuaji. Mfumo wa m-mama, wa kupiga 115 na kuletewa gari la wagonjwa au dereva wa kijijini anayelipwa na mfumo, ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuenea nchi nzima. Watu wetu wa Kanda ya Ziwa ndio walioonyesha kwamba inawezekana. Halafu daraja la Kigongo-Busisi, juu ya Ziwa Victoria, likafunguliwa Juni 2025. Waliowahi kukaa Busisi usiku na mama mwenye uchungu wakisubiri kivuko wanajua daraja lile ni nini. Wa visiwa vya Ukerewe, Ukara na Kome bado wanalitegemea ziwa, na ziwa lina siku zake.

Kwa hiyo barabara inafupika. Yale maneno kati ya zahanati na hospitali ndiyo bado marefu. Mama anavuka daraja kwa dakika chache, halafu anakaa kwenye benchi kwa sababu barua ya rufaa haijasomwa, au imesomwa na mtu anaanza kupima kila kitu upya kana kwamba aliyepima kule hakusoma. Na mama akishapona au akishafariki, mkunga aliyemtuma hapati taarifa. Mdogo wangu huzipata habari za wagonjwa wake sokoni, kwa ndugu zao. Mtu atajifunzaje kazi hivyo? Atajuaje kama alituma mapema au alichelewa?

Kuna jambo moja ambalo Uholanzi wamelipanga na sisi tunalo nusu. Mama akishajifungua, mhudumu wa uzazi huja nyumbani kila siku kwa saa kadhaa, kwa wiki nzima na zaidi kidogo. Anampima mama joto, anaangalia tumbo linarudi vipi, anatazama damu, anamfundisha kunyonyesha, anampima mtoto uzito, na hata vyombo anaosha. Akiona jambo lisilo la kawaida anampigia mkunga, na mkunga ataamua kama daktari ahusishwe. Mhudumu wangu alikuwa mama wa makamo, mpole, na saa zake zikiisha alivaa koti akaondoka. Nyumba ikabaki mimi na mtoto, mume kazini, dirishani mvua. Nililia siku hizo, nikitamani mikono ya mama yangu na maji yake ya moto.

Kwetu mzazi hakai peke yake. Anakandwa, analetewa uji, supu ya sato inachemka, watoto wa jirani wanachota maji. Upendo huo sijauona huku na sidhani fedha zinaweza kuununua. Lakini katika nyumba hiyo iliyojaa watu mara nyingi hakuna hata mmoja mwenye kipimo cha presha, na wengi wanaamini mama akishazaa hatari imekwisha. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mzazi akiwa ameshajifungua. Damu inaweza kuanza upya. Homa ya siku ya nne si ya maziwa tu kama bibi zetu wanavyosema. Inaweza kuwa maambukizi ya kizazi, na hayo yanaua. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa 2024 unanipa matumaini hapa. Mhudumu akiingia kwenye ile nyumba na kipimo, akamkuta bibi anakanda, akamsalimu kwa heshima na kumwomba nafasi ya kumpima mzazi, tutakuwa tumepata kitu ambacho Rotterdam hawana.

Wengine watasema nalinganisha nchi tajiri na nchi yetu. Mashine silinganishi. Daktari wa zamu kupokea simu ya mkunga na kusema "niambie umeona nini" hakuhitaji mfadhili. Wala hakuhitaji bajeti ya halmashauri hospitali ikiwapigia simu zahanati jioni ile ile: mama mliyemleta asubuhi amejifungua, damu ilikuwa nyingi, tumemwongezea chupa mbili, mfuatilieni presha wiki hii. Nawaomba madaktari wa Mwanza mnaosoma hapa mwanze na hilo, hata kabla hamjaandikiwa waraka. Na ninyi mnaofundisha wanafunzi pale Bugando, mpelekeni mwanafunzi wa udaktari akae leba zamu nzima chini ya mkunga mzoefu, amsaidie, amuulize, ajue jina lake.