Ukiugua Ugenini, Sema Umetoka Kisumu

Mtoto wa dada yangu alinipigia simu saa nane usiku, mwezi wa Januari, akiwa Uingereza anakosoma. Meno yalikuwa yakigongana mpaka maneno yakawa yanamtoka vipande vipande. "Mama mdogo, ni homa tu," akaniambia. Mchana alikuwa ameenda kuonana na daktari, akaambiwa ni mafua ya msimu wa baridi, ameze paracetamol, anywe maji mengi na apumzike.

Nikamuuliza, "Uliwaambia Krismasi ulikuwa wapi?"

"Hawakuniuliza."

Krismasi alikuwa Ahero, karibu na Kisumu, kwa nyanya yake. Kila jioni walikuwa wanakaa nje na binamu zake hadi usiku wa manane, mashamba ya mpunga yakiwa hatua chache tu kutoka uani. Chandarua alikikataa kwa sababu ya joto. Nikahesabu kwa vidole: siku 12 tangu aondoke. Kwa kawaida malaria hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya mbu kukuuma. Nilihisi tumbo likinikata.

Nilimwambia arudi hospitali usiku huohuo, na neno lake la kwanza mlangoni liwe: nimetoka Kenya, kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria, siku 12 zilizopita. Alipolisema, hakukaa kwenye foleni. Alitolewa damu, na majibu yakaja: malaria ya falsiparamu, ndiyo hii yetu, na ndiyo inayoua kuliko zote. Akalazwa, akatibiwa, akapona. Namshukuru Mungu mpaka leo.

Daktari wa kwanza alipaswa kuuliza. Lakini lawama kubwa naiweka kwetu sisi jamaa. Tunapomsindikiza mtu uwanja wa ndege tunamwonya kuhusu wezi, kuhusu baridi, kuhusu pasipoti. Sanduku tunalijaza omena iliyokaushwa na unga wa wimbi. Hakuna anayemwambia kwamba huenda mwilini amebeba ugonjwa ambao kule anakokwenda wengi hawaufikirii. Hapa Kisumu ukisema una homa, jirani anakuuliza kama umepimwa malaria. Kule ukisema hivyo, watasikia mafua. Neno ni lilelile, ila falsiparamu isipotibiwa ndani ya saa 24 inaweza kugeuka kuwa kali na kumaliza mtu.

Na kuna imani moja ambayo ningependa tuiache kabisa: "Mimi nimezaliwa huku, mbu wananijua." Ni kweli mtu aliyekulia kanda ya ziwa, akiumwa na mbu mwaka baada ya mwaka, mwili wake hujenga kinga kiasi. Lakini kinga hiyo hudumu kwa kuumwa tena na tena. Ukikaa ughaibuni miaka miwili au mitatu, inapungua, na ukirudi Desemba unakuwa karibu sawa na mgeni. Watoto waliozaliwa huko hawana kinga hiyo hata chembe. Hao ndio ninaowaogopea zaidi, maana nyanya zao huwapeleka mtoni na shambani kwa furaha, na usiku wanalala watano kwenye mkeka mmoja bila neti.

Kwa hiyo anayekuja nyumbani aonane na daktari kabla ya safari, aandikiwe dawa ya kinga. Akirudi ughaibuni na kupata joto la mwili, hata kama ni miezi kadhaa baadaye, adai kipimo cha damu. Kipimo cha kwanza kikionyesha hakuna kitu na bado anaumwa, kirudiwe. Asione haya kumrudia daktari.

Wanaokwenda nchi za Ghuba kufanya kazi nina neno lingine kwao. Dawa zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinahitaji kibali maalumu katika Falme za Kiarabu, na mtu anaweza kukamatwa uwanja wa ndege kwa vidonge alivyopewa na dada yake kwa nia njema. Chanjo ya homa ya manjano nayo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi ya manjano usiinunue mtaani. Tangu 2016 cheti cha chanjo hiyo ni cha maisha, kwa hiyo sindano ni moja tu.

Mwanangu yule anakuja tena Desemba hii. Chandarua kipya nimekinunua soko la Kibuye, kikubwa, cha kufika chini ya godoro. Ameandikiwa doksisaiklini, dawa ya kukinga malaria. Ataianza kabla ya kupanda ndege, ataimeza kila siku akiwa Ahero, na ataendelea nayo wiki 4 baada ya kurudi. Nimemwambia nitampigia simu kila jioni ya hizo wiki 4, na amekubali.